Homa Si Jina la Ugonjwa Mmoja



Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limekwisha kumfikia kila mtu nyumbani kwake, nalo ni namna tabibu anavyoutambua ugonjwa. Wengi wetu twajua njia ya kwenda zahanati, na twajua njia ya kurudi na dawa mkononi. Lakini yale yanayopita kati ya kwenda na kurudi hatuyajui vizuri. Twamwona tabibu akiuliza maswali mengi, na sisi twangoja dawa. Twamwona akimbonyeza mtoto tumbo, hali sisi tumesema kwamba anaumwa kichwa. Mwisho mtoto huchomwa kidole, tukaambiwa, "Hana malaria," nasi twaondoka tukinung'unika kwamba tumenyimwa haki yetu. Kusudi letu ni kuwaeleza sababu ya hayo yote. Maana mtu asiyeijua sababu huiacha njia njema upesi, na katika jambo hili anayeiacha njia aweza kupotewa na mtoto wake.

LALAMIKO NA UGONJWA

Kwanza twataka mtofautishe mambo mawili. Kuna lalamiko, na kuna ugonjwa. Lalamiko ni lile analolisikia mgonjwa mwilini mwake akalitaja: "Nina homa," "Tumbo lauma," "Kifua chanibana." Ugonjwa ni kile kilichojificha nyuma ya lalamiko hilo. Mtu akibisha hodi usiku wa manane, sauti ya hodi ni moja, lakini aliye nje aweza kuwa ndugu, aweza kuwa jirani aliyefiwa, aweza kuwa mwizi. Mwenye nyumba mwenye akili hafungui kwa kusikia hodi tu, huuliza, "Nani?" Basi homa nayo ni hodi. Mwili hupata joto kwa sababu umeingiliwa. Lakini nani aliyeuingia, joto peke yake halisemi.

Kwa hiyo tabibu aliyefunzwa, akisikia lalamiko, hakati shauri papo hapo. Moyoni mwake huandika orodha ya magonjwa yote yawezayo kuleta lalamiko lile, kisha huyaita moja moja mbele yake, kama kadhi aitavyo watu walioshitakiwa. Huuliza: ni ushahidi gani unaomwelekea huyu, na ni ushahidi gani unaomtoa? Asiye na ushahidi juu yake huachiliwa, na yule ambaye mashahidi wote wamemkubali ndiye anayehukumiwa.

Katika kuipanga orodha hiyo tabibu hutumia mizani mbili. Mizani ya kwanza ni hii: ni ugonjwa gani ulio mwingi mahali hapa, katika majira haya, kwa mtu wa umri huu? Mizani ya pili ni hii: ni ugonjwa gani ambao tukiukosa leo, utaua kabla ya kesho? Ugonjwa ulio mwingi hufikiriwa kwanza. Lakini ule wa hatari, hata uwe haba namna gani, haufutwi mpaka umetafutwa na kukosekana. Mtu anayejitibu nyumbani kwa kawaida hutumia mizani ya kwanza peke yake. Ile ya pili huisahau, na huko ndiko vifo vinakotokea.

Kazi hii si mpya, wala si ya watu wa Ulaya peke yao. Yapata miaka elfu moja na mia moja iliyopita, tabibu Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi, aliyekuwa mkuu wa hospitali mjini Baghdad, aliandika kitabu juu ya ndui na surua. Magonjwa yote mawili huanza kwa homa kali, na yote mawili huleta vipele. Al-Razi aliwafundisha wanafunzi wake kuyatenga: maumivu ya mgongo huelekea zaidi ndui, na kichefuchefu na mahangaiko huelekea zaidi surua. Tazameni alivyofanya. Hakutosheka na homa. Alitafuta shahidi wa pili na wa tatu.

MAMA NA MTOTO WAKE

Sasa na tufanye mfano, ili jambo hili lieleweke vizuri. Mama mmoja amefika zahanati na mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

"Hodi, bwana tabibu."

"Karibu, mama. Keti. Mtoto ana nini?"

"Ana malaria."

"Hilo la malaria niachie mimi nilitafute. Wewe niambie uliyoyaona kwa macho yako."

"Mwili wake wawaka moto tangu juzi usiku."

"Ananyonya?"

"Ananyonya kidogo, kisha huacha, kama mtu aliyechoka."

"Anatapika kila anachomeza? Amepata degedege? Umemwona amelegea hata haamki ukimwita?"

"La, bwana. Hayo hayajawa."

"Anakohoa?"

"Anakohoa, lakini ni mafua tu. Watoto wote nyumbani wana mafua."

Hapa twawaomba mtazame maswali haya, maana hayakuulizwa ovyo. Kwanza tabibu ametafuta ishara nne za hatari kwa mtoto: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kuzimia. Mtoto mwenye hata moja tu katika hizo nne hangojwi mpaka asubuhi. Hupelekwa upesi kunako matibabu makubwa, jina la ugonjwa wake liwe limejulikana au halijajulikana. Hiyo ndiyo mizani ya pili ikifanya kazi. Tabibu alipoona mtoto hana ishara hizo, akarudi kwenye mizani ya kwanza, akaanza kuuliza habari za kikohozi.

Kisha alimwambia mama amfunue mtoto nguo kifuani, amtulize asilie. Akatoa saa yake, akakitazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa muda wa dakika moja kamili. Mama alidhani kwamba tabibu amekaa bure. Kumbe alikuwa akihesabu pumzi, akapata 56. Mtoto wa umri ule, yaani aliyetimiza mwaka mmoja na hajafika miaka mitano, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, anavuta upesi kupita kiasi. Kwa mtoto wa miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, kiasi ni 50. Kwa mchanga wa chini ya miezi miwili, kiasi ni 60. Hesabu hiyo haitaki mashine wala umeme. Yataka saa yenye mshale wa sekunde, na mtu mwenye subira.

Halafu tabibu akapima joto kwapani, akaona limepita 37.5. Akamchoma mtoto kidole, akaweka tone la damu katika kipimo kidogo cha malaria, na kabla nusu saa haijapita jibu likatoka: malaria hapana. Akatazama masikio, akatazama koo, akaugusa utosi, akaikunja shingo polepole. Ndipo akasema, "Mama, mtoto wako ana nimonia. Malaria hana."

Mfikirieni mama huyu kama angalipita dukani tu, akasema, "Nipe dawa ya malaria ya mtoto." Angaliuziwa dawa njema, ya kweli, tena ya bei, na mtoto angaliimeza, lakini dawa hiyo isingalikuwa na kazi katika mwili ule. Nimonia ingaliendelea siku ya pili, na ya tatu, na mama angalikuwa akisema, "Tumwache, amekwisha kunywa dawa." Ubaya wa dawa isiyo yake ni huo. Mbali na kutoponya, humpa mzazi utulivu usio wa kweli, akaketi hali angepaswa kukimbia.

Tena sikilizeni neno hili. Kama kipimo kingalionyesha malaria, tabibu asingaliacha kuhesabu pumzi. Magonjwa mawili huweza kupanga chumba kimoja. Mahali penye malaria mengi, mtu aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, na ugonjwa unaomtesa siku hiyo ukawa mwingine kabisa. Kwa hiyo jibu la kipimo ni shahidi mkubwa, lakini halimwondoi kadhi katika kiti chake.

HOMA NYINGINEZO

Tumewaonyesha nimonia. Sasa tutawatajia kwa kifupi homa nyingine zinazofananishwa na malaria, ili mwone orodha ya tabibu ilivyo ndefu.

Kuna homa ya uti wa mgongo. Huyu ndiye mwizi wa usiku. Mtu hupata homa, kichwa chauma sana, hutapika, mwanga humchoma macho, na shingo hukaza hata hawezi kuinamisha kidevu kifuani. Kwa mtoto mchanga shingo yaweza isikaze, bali utosi hutuna na kilio chake hubadilika. Ugonjwa huu huweza kuua kwa muda wa saa chache. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kuna homa ya matumbo. Hii huwa na mwendo wa taratibu: joto hupanda siku kwa siku, kichwa na tumbo huuma, mtu hukosa hamu ya kula. Wengi hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho Widal, kisha huambiwa kwamba wanayo. Lakini kipimo hicho hukosea mara nyingi. Ushahidi ulio bora ni kuvikuza vijidudu vya damu katika maabara, na si kila mahali panapo uwezo huo.

Kuna homa ya papasi. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku akauma, akarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Homa yake hutetemesha kama malaria, hukaa siku chache, kisha hukoma; mgonjwa hufurahi akasema amepona, na baada ya siku kadha homa humrudia. Mwaka 1905 Robert Koch aliichunguza homa hii katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka ule ule tabibu Mwingereza, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza huko Congo, alishikwa na homa hiyo hiyo akafa mjini Kasongo. Katika darubini ya kutazamia vijidudu, kijidudu chake huonekana kama uzi uliosokotwa, wala hakifanani kabisa na cha malaria. Nje ya mwili homa hizi mbili ni kama pacha. Ndani ya damu ni wageni wasiojuana.

Kuna kidingapopo, kinacholetwa na mbu aumaye mchana. Mgonjwa huumwa kichwa, nyuma ya macho, viungo na misuli, na huweza kutokwa na damu. Mji wa Dar es Salaam uliingiliwa na ugonjwa huu mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Anayedhaniwa kuwa nao asipewe aspirini, maana yaweza kumzidishia kutokwa na damu. Na kuna chikungunya. Mwaka 1952 na 1953 watu wengi wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, walishikwa na homa na maumivu ya viungo hata wakajikunja. Dalili zake zilifanana mno na kidingapopo. Uchunguzi wa damu ndio ulioonyesha kwamba kijidudu kilikuwa kingine, kisichokuwa kimejulikana bado. Hivyo ugonjwa ukaitwa kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjamana, na kwa jina hilo unaitwa mpaka leo duniani kote.

Tena yapo maradhi ya mkojo, ambayo kwa mtoto mdogo huweza kuonyesha homa tu bila dalili nyingine; yapo ya masikio; na zipo homa zipatikanazo kwa wanyama, kama ile ipatikanayo kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Ndiyo sababu tabibu huuliza, "Una mifugo nyumbani?" Wako wanaodhani kwamba anataka kujua mali zao.

HESABU ZILIZOFANYWA

Labda mwenzetu mmoja atasema, "Hayo ni magonjwa haba. Homa nyingi ni malaria." Na tutazame hesabu. Wachunguzi waliwafuata watu 870 waliolazwa hospitalini mjini Moshi kwa ajili ya homa, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Matabibu walikuwa wamewahesabu 528 kuwa wana malaria. Damu ilipochunguzwa kwa uangalifu, walioonekana wanaumwa malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maradhi mengine, na baadhi yao maradhi yatokayo kwa wanyama. Katika mwaka 2008 walichunguzwa pia watoto 1005 wenye homa, waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Katika magonjwa yote yaliyotambuliwa, zaidi ya nusu yalikuwa ya njia ya pumzi, na malaria ilikuwa yapata sehemu moja katika kumi.

Hatusemi kwamba malaria imekwisha. La, hasha. Upande wa Moshi malaria ni haba, lakini ziko sehemu, kama mikoa ya Kigoma, Geita na Kagera, ambako yangali mengi, na malaria huua upesi ikicheleweshwa. Neno letu ni kwamba malaria lazima itafutwe, isikisiwe. Zamani mtoto mwenye homa katika nchi zenye malaria alipewa dawa ya malaria bila kupimwa, kwa kuwa vipimo vilikuwa vigumu kupatikana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza. Basi ukiambiwa, "Huna malaria," hukunyimwa kitu. Umepewa habari kwamba mlango mmoja umefungwa, na kwamba mwingine utafutwe.

MPISHI WA MERKA

Twapenda kuwapa kisa kimoja cha kweli. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, alikuwako kijana mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin. Siku moja alipanda gari pamoja na watoto wawili wenye ndui, ili kuwaonyesha wenzake njia. Yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa ipasavyo. Tarehe 22 Oktoba akashikwa na homa na kichwa. Kwa kuwa homa katika mji ule mara nyingi ni malaria, akatibiwa malaria. Baada ya siku chache vipele vikatokea. Akahesabiwa kuwa ana tetekuwanga, akaenda nyumbani. Mwishoni mwa mwezi ndipo ilipojulikana kwamba ile ilikuwa ndui.

Magonjwa hayo mawili yana ushahidi wa kuyatenga. Vipele vya tetekuwanga huwa vingi kifuani na mgongoni, navyo hutoka kwa zamu, hata utaona kipya, chenye maji na kilichokauka mahali pamoja. Vipele vya ndui vilikuwa vingi usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na katika nyayo, na vyote vilikuwa vya hali moja. Lakini lililokuwa kubwa kuliko yote ni habari ya lile gari. Jambo hilo moja, likiulizwa na kujibiwa siku ya kwanza, lingaliligeuza shauri zima.

Kosa lilipogunduliwa watu wakafanya haraka. Zaidi ya watu 50,000 walichanjwa katika mji ule na kandokando, wala hakuna aliyeambukizwa na Maalin. Yeye akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa wa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Maalin baadaye alifanya kazi ya kuwasihi watu wakubali chanjo ya polio. Mwezi wa Julai 2013, akiwa katika kazi hiyo, alishikwa na homa tena akafariki. Safari hii ilikuwa malaria yenyewe.

TUMBO NA KIKOHOZI

Njia hii ya kutafuta haitumiki kwa homa peke yake. Mtu akisema, "Tumbo lauma," tabibu huuliza: maumivu yalianzia wapi, na sasa yako wapi? Yakianzia kitovuni yakahamia chini upande wa kuume, hufikiri kidole tumbo, nacho huenda kikataka kupasuliwa. Dawa ya minyoo haitafaa kitu hapo.

Mgonjwa akiwa bibi mwenye umri wa kuzaa, tabibu huuliza siku zake za mwezi. Bibi asidhani amevunjiwa heshima. Ikiwa siku zimepita, na tumbo la chini lauma, na kizunguzungu kinamshika, yaweza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mtu hufa hali nje haionekani damu nyingi. Binti akiulizwa mbele ya baba yake huona haya, akajibu "La". Basi wazazi, tabibu akiwaomba mtoke nje kidogo, tokeni bila kuudhika. Wazee wetu wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba mara nyingine anayemfanya mgonjwa afiche ni sisi tulioketi kando yake.

Na kikohozi vilevile. Kikohozi cha siku tatu pamoja na mafua mara nyingi hupita chenyewe. Kikohozi kilichotimiza majuma mawili lazima mwenye nacho apimwe kifua kikuu, hasa akiwa amekonda au anatokwa na jasho usiku. Anayekohoa na kifua kikilia kama filimbi, huenda ana pumu. Mzee anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu imevimba, huenda ugonjwa wake si wa mapafu, bali ni wa moyo. Kwa maneno ya mgonjwa vyote ni "kifua".

SHAHIDI NI WEWE

Tumesema kwamba tabibu ni kama kadhi. Basi shahidi wake mkuu ni nani? Ni wewe mgonjwa, au wewe uliyemleta. Vipimo husaidia, lakini mahali pengi vipimo ni vichache, na hata penye vingi, ni maneno ya mgonjwa yanayoonyesha kipi kitumike. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, yawekeni mambo haya tayari.

Kwanza, ugonjwa ulianza lini, na ulianzaje. Siyo "zamani kidogo", bali siku na wakati.

Pili, kilichotangulia ni kipi, na kilichofuata ni kipi. Homa kwanza kisha vipele, au vipele kwanza?

Tatu, kinachozidisha na kinachopunguza.

Nne, mgonjwa alilala wapi majuma yaliyopita, alisafiri wapi, na alikuwa karibu na nani aliye mgonjwa.

Tano, amekwisha kunywa dawa gani. Chukueni karatasi au chupa yake. Hata ikiwa ni mitishamba ya babu, isifichwe. Tabibu haulizi ili awacheke, bali kwa kuwa dawa iliyokwisha kuingia mwilini hubadili dalili. Dawa za nusu nusu ndizo zinazowasumbua matabibu, maana huufunika ugonjwa bila kuufukuza.

Sita, semeni mliyoyaona, msiseme jina la ugonjwa. Yule mama angalisema, "Anavuta pumzi upesi," angalimsaidia tabibu kuliko aliposema, "Ana malaria."

Saba, ulizeni kabla ya kuondoka: "Ni dalili gani nikiiona nirudi upesi?" Maana ugonjwa ukiwa mchanga huenda usijulikane siku ya kwanza, na shauri la leo huweza kubadilika kesho. Mtoto ambaye homa yake haijaondoka baada ya siku mbili au tatu arudishwe, hata kama aliambiwa kwamba si kitu. Kumrudisha si kumtukana tabibu; ni kumletea ushahidi mpya.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi ndogo. Leo au kesho, mtoto mdogo nyumbani akiwa amelala salama, kaeni kando yake na saa, mhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, kisha mwandike. Fanyeni hivyo siku tatu. Mkijua pumzi za mtoto mzima zilivyo, mtazitambua siku zitakapobadilika. Na huenda siku hiyo usiku, hali watu wazima wakisema, "Ni homa tu, tungoje kupambazuke," mmoja wenu akawa na hesabu ya kuwaambia.